Kibubu cha Rehema na safari ya Pangani

Ngamiani, Tanga

Mwanangu Zuhura,

Assalam alaykum. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara tatu, na mara ya tatu nilikuwa nimekaa barazani nimevaa miwani, utadhani sauti nayo husikika vizuri zaidi kwa miwani. Unauliza mtoto aanze kuweka akiba akiwa na umri gani, na kama ni sawa kuwaambia Rehema na Yusufu kwamba safari ya Desemba, ile ya treni kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam na kisha basi mpaka huku kwetu, nao wataichangia kwa fedha zao wenyewe. Ukamalizia kwa kusema, "kama ulivyotufundisha wewe, Baba." Ningeweza kukujibu kwa simu, lakini maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonifanya nitafute kalamu, kwa kuwa yalinipata mahali pabaya.

La umri halina mjadala mrefu. Yusufu ana miaka mitano, na kwa mtoto wa miaka mitano mwezi wa kumi na mbili ni jambo la kusadikika tu, kama pepo. Usimwekee kibubu cha miezi sita. Mwekee cha wiki moja, kutoka Jumamosi hadi Jumamosi, kwa ajili ya kitu anachokiona kwa macho yake dukani, na akikinunua mwanzishie kingine. Rehema, huyo mke wangu mdogo, ametimiza tisa na anaweza kuvumilia mpaka Desemba. Nimelisema hili tangu mkiwa wadogo na nitalisema tena: mtoto hujifunza kungoja kabla hajajifunza kuhesabu, na anayeanza kwa kuhesabu huwa mchoyo au mwizi. Mama yako alikuwa akiniambia nimetia chumvi. Pengine.

Jambo moja ambalo ninyi mnalo na sisi hatukuwa nalo ni hii simu. Wewe unanunua mkate, unalipa umeme, unanitumia mimi fedha za dawa, yote kwa kidole, na Yusufu anayekutazama haoni kitu chochote kikipungua. Mtoto hawezi kuweka akiba ya kitu asichokiona. Mpe sarafu, zile za shilingi mia mbili zenye simba na za mia tano zenye nyati, azisikie zikigonga ndani ya kibubu. Ninyi mlikuwa mkiziita sarafu zenu kwa wanyama wake, ishirini "ndovu" na hamsini "kifaru," na siku moja ulimwambia mwenye duka kwamba unadai vifaru viwili, naye akatoka nje kuniuliza una homa.

Sasa nije kwenye hilo la "kama ulivyotufundisha."

Unaikumbuka safari ya Pangani ya Juni 1997 kama sikukuu, na nakuelewa, maana kwako ilikuwa sikukuu. Nami niliipanga vizuri, au nilidhani hivyo. Idi el Fitri mwaka ule iliangukia mwezi wa pili na Idi ya Mfungo Tatu ikaangukia mwezi wa nne, kwa hiyo mlikuwa na mkono wa Idi mara mbili ndani ya miezi mitatu, na nikaona hiyo ndiyo nafasi. Nikamwagiza seremala wa hapa mtaani vibubu viwili vya mbao, vimepigwa misumari pande zote na tundu moja tu juu. Nikawaambia kwamba nauli ya basi na chakula ni juu yangu, lakini kila mmoja afikishe shilingi mia sita za kuvukia pantoni kwenda Bweni, ng'ambo ya mto, na za matumizi yake huko, na asiyefikisha atabaki na Bibi. Wewe ulikuwa na miaka kumi. Mdogo wako Athumani alikuwa na minane.

Hapo penyewe pana kosa, na ilinichukua miaka kuliona. Kiasi kilikuwa kimoja kwa watoto wasiolingana. Wewe ndiye uliyekuwa ukitumwa dukani na kuachiwa chenji, wewe ndiye uliyekuwa ukimsaidia shangazi yako kuuza barafu pale kizingitini, na siku ya Idi wageni walikuwa wakikupa wewe zaidi kwa sababu ulikuwa ukijua kuamkia watu kwa adabu na kusimama. Athumani alikuwa akiamkia huku anakimbia. Nani humpa mkono wa Idi mtoto anayekimbia?

Usiku wa kuamkia safari, baada ya Isha, nikatandika mkeka sebuleni na kuvibandua vibubu vyote viwili mbele ya watu wote waliokuwemo, akiwemo Bibi yenu na jirani aliyekuja kuomba chumvi akakaa kutazama. Chako kilitoa shilingi mia saba na themanini. Cha mdogo wako kilitoa mia mbili na kumi. Nikaugeuza ule ubao nikakuta tundu limechubuka: alikuwa akiingiza kisu, anakiinamisha kibubu, na sarafu zinateleza juu ya bapa la kisu moja moja, kazi ya subira kubwa kuliko hata ya kuweka akiba. Nikamuuliza fedha zimekwenda wapi. Hakudanganya. Alisema amekodi baiskeli.

Unajua mji wetu na baiskeli. Kumbe kwa majuma kadhaa alikuwa akikodi, anapitisha mguu mmoja chini ya mtaimbo kwa kuwa kiti hakukifikia, na alijifunza mwenyewe bila kushikwa. Kisha akasema maneno ambayo jirani yule aliyasambaza mtaa mzima kabla ya alfajiri: "Baba, mimi nimeshasafiri. Nimefika mpaka Raskazone." Watu walicheka, maana Raskazone ni hapa hapa Tanga mjini. Nami kicheko kilinifika kooni nikakimeza, kwa sababu nilikuwa nimeshatoa sheria.

Ndipo mama yako alipofungua pindo la kanga. Hili hukuliona, ulikuwa umekwenda kuweka fedha zako chini ya mto. Akatoa shilingi mia nne, zilizokuwa zake, akaziweka juu ya mkeka karibu na zile mia mbili na kumi na kusema, "Sasa zimezidi." Nilizirudisha. Nilimwambia kwamba akimjazia huyu, yule aliyeweka akiba kwa miezi minne atakuwa amefundishwa kwamba kuweka na kutoweka ni mamoja. Hakubishana nami. Alizifunga tena pindoni na kwenda kulala, na asubuhi alifunga kikapu cha safari bila kunitazama.

Ningeweza kuvumilia kama Athumani angelia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Nilikuwa hata na hotuba. Alikibeba kile kikapu kichwani mpaka stendi, akakipandisha ndani ya basi, akahakikisha hakitaanguka, akaniambia, "Safari njema, Baba," kisha akageuka na kurudi nyumbani kwa miguu. Basi lilipita Tongoni, likapita Kigombe, likitikisika kwenye mashimo yaliyoachwa na masika, na njia nzima ya kilomita hamsini nilikuwa nikijiambia kwamba nimefanya sawa. Mtu aliyefanya sawa hahitaji kujiambia kilomita hamsini.

Kisha pantoni. Usinikasirikie kwa hili linalofuata. Ulilipa mwenyewe, ukainua kidevu kama mke wa liwali, na yule mkata tiketi akakusifu. Nilifurahi, nisiseme uongo. Nadhani sijapata kufurahi vile kwa fedha ya mtu mwingine. Lakini tulipovuka upande wa Bweni, mama yako alikutania, "Zuhura tajiri, ninunulie dafu," nawe ukaziba mfuko kwa mkono na kumjibu, "Hizi si za nyumba, Mama, hizi ni zangu." Yeye alicheka mpaka akaketi juu ya gogo. Mimi sikucheka. Nikaona kwamba kwa vibubu viwili vya seremala mmoja nimemwacha mtoto mmoja nyumbani, na mwingine nimemfundisha kuziba mfuko mbele ya mama yake.

Lakini je, nimwondolee lawama Athumani kabisa? Hapana. Alijua sheria, alikula ahadi, na kisu hakikuingia kibubuni chenyewe. Kama ningempeleka, ungekuwa na haki ya kuniuliza kwa nini ulijinyima barafu zako mwenyewe huku ukiwauzia wengine. Nikifika hapa huwa nasema nilikuwa sahihi. Kisha nakumbuka kwamba alikuwa na miaka minane na kwamba fedha zile hakuzitupa. Alinunulia safari aliyoweza kuifikia, kwa sababu ile niliyompa mimi ilikuwa mbali mno. Mtoto hujifunza kungoja kabla hajajifunza kuhesabu, nami nilimdai hesabu ya miezi minne bila kumfunza kungoja hata wiki mbili. Mama yako, Mungu amrehemu, alishikilia mpaka mwisho kwamba ndiyo sababu mdogo wako hawezi kukaa na fedha mkononi. Mimi huliona hilo kama uonevu. Wapo wengi wasiokaa na fedha ambao hawakuachwa na basi lolote. Athumani mwenyewe hajalizungumza hata siku moja, na sijamuuliza.

Kwa hiyo, kwa yale uliyoyauliza kweli: watoto wachangie, ndiyo, lakini wasichangie safari. Safari ni ya nyumba nzima, na nauli ya treni na ya basi ni deni la mama na baba. Kila mtoto achague kitu kimoja ndani ya safari kiwe chake, akijue kwa jina na akitamani. Rehema umesema anataka kuingia Mapango ya Amboni. Vizuri, hapa mjini ni karibu, basi aweke za kiingilio chake na za tochi. Yusufu aweke za dafu moja au za karanga za njiani, na kiasi chake kisifanane na cha dada yake. Usiwalipe kwa kuosha vyombo wala kutandika vitanda, maana siku utakapokuwa huna chenji vyombo vitalala vichafu. Kama Rehema anataka kazi ya malipo, atengeneze kashata auze. Mkono wa Idi na zawadi za wageni ugawanye kabla haujaingia kibubuni: sehemu ya kula sasa hivi, waziwazi, bila kuonekana mkosaji, na sehemu ya kungojea. Athumani angekuwa na vifaru vyake viwili halali vya baiskeli, hakuna ambaye angehitaji kisu. Na ndani ya kila kibubu, mwanangu, tia fungu dogo la kumpa mtu mwingine kitu, hata likiwa la dafu la mama.

Limebaki lile ambalo hukuliuliza, nalo ndilo lililonikalisha hapa tangu Alasiri: Desemba ikifika na mmoja wao hana kitu, utafanyaje? Nimeandika jibu langu mara mbili katika karatasi nyingine na mara zote mbili nimeichana, kwa sababu la kwanza lilikuwa sauti ya mama yako na la pili lilikuwa la yule mtu wa mwaka 1997, na kila mmoja alikuwa na hoja. Ninalo la tatu, liko kwenye ncha ya ulimi, ila wewe ndiwe mzazi wao na sitaki uje uniambie tena "kama ulivyotufundisha." Nalimeza. Si kwa hiari.

Mkishakata tiketi ya basi nijulishe mnaingia saa ngapi, nije kuwapokea stendi ya Kange. Na mwambie Rehema kibubu chake asikifungue huko Dodoma wala njiani. Aje nacho hivyo hivyo kimefungwa. Tutakifungua mimi na yeye chumbani kwangu, mlango tumeurudishia, na atakachokikuta humo atatangaza mwenyewe akipenda.

Nisalimie mkwe wangu.

Baba yako