Uliza Ujibiwe: Mtaro Umeziba, Barua Nimpelekee Nani?

Mwezi huu tumejibu barua zilizouliza, kila moja kwa njia yake, nani hasa ana kazi ya kuutunza mji.

Nakuru ni jiji tangu 2021. Mbona hatuna meya, na mbona mambo yote ya mjini bado yanaishia kwa gavana?
*Msomaji, Kaptembwo, Nakuru*

Kwa sababu jiji si serikali. Katiba ya Kenya ya 2010 ina ngazi mbili tu, serikali ya kitaifa na serikali za kaunti 47. Mabaraza ya miji, pamoja na mameya na madiwani wake, yalikoma baada ya uchaguzi wa Machi 2013. Jiji la leo ni eneo la kaunti linaloendeshwa na bodi, kwa niaba ya kaunti.

Wanabodi hawapigiwi kura na wananchi. Katika jiji hawazidi 11, na sheria imetenga nafasi za vyama vya wataalamu, sekta ya kibinafsi, watu wa jua kali na vyama vya wakazi wa mitaa. Kama chama chenu cha wakazi hakijasajiliwa, nafasi hiyo itawapita. Shughuli za kila siku ziko kwa meneja wa jiji.

Hati ya jiji ilikabidhiwa na Rais Uhuru Kenyatta tarehe 1 Desemba 2021, baada ya bunge la kaunti na Seneti kuidhinisha. Manispaa, kama Naivasha, hupewa hati na gavana kwa idhini ya bunge la kaunti. Kiwango cha watu kilishushwa mwaka 2019, na sasa mji ukifika wakazi 250,000 unaweza kuomba kuwa jiji. Awali ilikuwa 500,000.

Hati hiyo haiji na pesa. Bodi hutayarisha makadirio yake, yakaingizwa katika bajeti ya kaunti na kupitishwa na wawakilishi wadi, wakiwemo wale wa mashambani ambao nao wanadai barabara na zahanati zao. Pia bodi hufanya kazi ilizokabidhiwa na kaunti, si zaidi. Hapo ndipo tunapoona kasoro kubwa ya mpango mzima, maana meneja anaweza kulaumiwa kwa taka wakati malori, madereva na mafuta bado yako chini ya wizara ya kaunti. Kwa hiyo ukikutana na bodi, usiishie kuuliza kwa nini taka hazijazolewa. Uliza kama kazi hiyo imekabidhiwa bodi kwa maandishi, na fungu lake liko ukurasa gani wa bajeti.

Mtaro ulio mbele ya duka langu umeziba na kila mvua maji yanaingia ndani. Chifu ananituma kwa mwakilishi wadi, mwakilishi wadi kwa mbunge, na ofisi nyingine ikasema ni kazi ya watu wa barabara. Nimechoka.
*Mfanyabiashara, Kondele, Kisumu*

Pole sana. Kabla ya kuandika kwa ofisi yoyote, chunguza mambo mawili.

Kwanza, ni maji gani? Mtaro ukitiririka hata wiki ya jua kali na ukanuka, hayo ni maji taka, na huenda bomba limepasuka au shimo la maji taka limefurika. Piga ripoti kwa kampuni ya maji ya KIWASCO. Ni kampuni ya kaunti, ingawa bei ya maji yake huidhinishwa na mdhibiti wa kitaifa, WASREB. Mtaro ukijaa wakati wa mvua tu, hayo ni maji ya mvua, na Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti kazi ya kuyaondoa mijini.

Pili, mtaro uko kando ya barabara ya nani? Barabara kuu iendayo Kakamega, yenye daraja la juu pale Kondele, iko chini ya KeNHA, ambayo ni mamlaka ya kitaifa ya barabara kuu. Mtaro wa barabara hiyo na makalvati yake ni jukumu lao. Ukiingia vichochoro vya mtaani, umeingia barabara za kaunti. Angalia kalvati linalopita chini ya barabara kwa makini. Likiwa limeziba, vijana wanaweza kuzoa mtaro wote wa juu na maji yakarudi dukani mwako jioni hiyohiyo.

Chifu yuko chini ya serikali ya kitaifa na hana bajeti ya mitaro. Ofisa wa kaunti aliye karibu nawe ni msimamizi wa wadi. Mbunge naye anahusika na hazina ya maeneobunge, NG-CDF, inayojenga madarasa na vituo vya polisi, na kazi za kaunti haizigusi.

Barua iwe ya ukurasa mmoja. Taja mtaro unaanzia wapi na kuishia wapi, urefu wake kwa mita (hatua ndefu ya mtu mzima ni kama mita moja), kalvati ngapi zimeziba, na tarehe maji yalipoingia madukani. Bandika picha. Omba mtaro uzolewe na tope *libebwe*. Usisahau neno hilo, kwa sababu tope likiachwa ukingoni, mvua ya kwanza inalirudisha ndani. Mtaro ukiwa wa kaunti, mwandikie meneja wa jiji, nakala kwa waziri wa kaunti anayehusika na kwa mwakilishi wadi. Nakala yako igongwe muhuri wenye tarehe ya kupokelewa. Bila muhuri huo, kesho utaambiwa barua haikufika.

Katika barua hiyohiyo, omba kujua kazi hiyo imepangiwa lini na kwa fungu lipi. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Zikipita kimya, peleka nakala yenye muhuri kwa ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma.

Ploti yangu ni ya hati ya kukodisha. Nalipa kodi ya ardhi kwa kaunti, na serikali kuu nayo inanidai. Je, ninalipishwa mara mbili?
*Msomaji, Lanet, Nakuru*

Hapana, hizo ni kodi mbili tofauti. Ya kaunti hutozwa mali yako kwa ajili ya huduma za mji. Ya serikali ya kitaifa ni pango la ardhi unayokodisha kwake. Ukitaka kuuza, utahitaji vyeti vya kutodaiwa vya pande zote mbili, basi weka risiti zako vizuri.

Kila Mei tunaitwa kutoa maoni ya bajeti, tunaomba taa za mulika mwizi sokoni, na hazionekani. Tunakosea wapi?
*Kikundi cha wachuuzi, Mumias, Kakamega*

Mnafika mmechelewa. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa bunge la kaunti kufikia 1 Septemba ya mwaka uliotangulia. Mradi usiokuwemo humo ni vigumu kuingizwa baadaye. Kufikia 28 Februari huja waraka wa mkakati wa fedha, unaopanga kila idara itapata kiasi gani, na kufikia 30 Aprili makadirio yanakuwa mezani. Mei mnagawana kilichokwisha kukatwa.

Pelekeni ombi lenu kwa maandishi Julai au Agosti. Msiandike “taa za soko.” Andikeni idadi ya nguzo, mahali pa kila nguzo, nani atalipa bili ya umeme kila mwezi na nani atabadilisha taa zikiungua. Nguzo nyingi husimama gizani kwa sababu bajeti ilikuwa ya kujenga peke yake.

Mradi ukishapitishwa, bado unaweza kukwama. Fedha hutoka Hazina ya Kitaifa kwa awamu hadi Mfuko wa Mapato wa kaunti, na hazitoki humo bila idhini ya Mdhibiti wa Bajeti. Awamu zikichelewa, mkandarasi hufikiwa na 30 Juni kabla hajalipwa, na deni lake hula bajeti ya mwaka unaofuata. Ikifika Machi, ulizeni kama kandarasi imeshatangazwa. Kama bado, andikeni ombi hilo upya kwa ajili ya mpango wa Septemba.