Nyota mbele, mistari nyuma

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii limenikuta na sindano mkononi. Mmeuliza: “Ninyi mlioko Marekani, kuibandika bendera ya nchi hiyo kwenye begi, kofia, jaketi au gari lako ni kuienzi au ni kuichezea?” Mimi ni fundi cherehani, mzaliwa wa Mombasa, na huu ni mwaka wangu wa 11 katika mji mmoja wa Texas ulio jirani na kambi ya jeshi. Napunguza suruali, nabadilisha zipu, nashona beji. Wiki haipiti bila mtu kuniwekea bendera mezani akitaka nimshonee mahali. Kwa hiyo niruhusuni nijibu kwa kirefu, na nianze na kosa langu mwenyewe.

Nilipofungua duka, miongoni mwa wateja wa mwanzo alikuwa mzee mmoja mwanajeshi mstaafu, mtu wa pikipiki. Alileta jaketi jeusi la ngozi pamoja na beji ya bendera, ile ya kitambaa iliyotariziwa, ukubwa wa kiganja cha mtoto. “Bega la kulia,” akasema, akaondoka. Nikaishona kwa uzi wa nailoni, mishono midogo midogo, hata nikajisifu. Kesho yake akalivaa, akajitazama kwenye kioo kwa muda, kisha akaanza kutembea humo dukani, kutoka mlangoni hadi kwenye cherehani na kurudi, macho yake kwangu.

“Fundi, mimi hapa naenda mbele au narudi nyuma?”

Sikumwelewa. Akaichukua kanga yangu iliyokuwa kwenye mgongo wa kiti, akaishika kwa upande wake mfupi kana kwamba ngumi yake ndiyo mlingoti, akaenda nayo haraka haraka hadi mlangoni. Kanga ikapepea kuelekea nyuma. “Mlingoti ndio unaotangulia,” akasema, “na nyota zimekaa upande wa mlingoti. Wewe umenishonea bendera ya mtu anayekimbia vita.”

Sisi tukisema bendera hufuata upepo tunamsuta mtu asiye na msimamo. Siku ile niliisikia methali hiyo kwa sikio jingine. Kwa hawa jamaa upepo unaletwa na mwendo wa mtu mwenyewe: akisonga mbele, kitambaa kinavutwa nyuma, na ile pembe ya buluu yenye nyota inabaki mbele. Ukimtazama mtu kwenye bega lake la kushoto, nyota zitakuwa kushoto kwako, kama tulivyozoea kwenye picha. Ukihamia bega lake la kulia, lazima ziwe kulia kwako, na utaapa kwamba bendera imegeuzwa. Haijageuzwa, ni wewe uliyehama upande. Kanuni za mavazi za jeshi lao la nchi kavu zinaiweka bega la kulia, na ndiyo maana beji hizi huuzwa za aina mbili. Tazameni picha ya ndege ya rais wao iliyopigwa ubavu wa kulia: nyota zilizo kwenye mkia zinaelekea kwenye pua ya ndege.

Ile beji niliifumua usiku kwa wembe. Shida ni kwamba ngozi si kama kitambaa, tundu la sindano halizibiki, kwa hiyo beji mpya ilibidi ikae juu ya matundu yale yale na sindano ipite mle mle ilimopita kwanza. Saa mbili nzima. Sikumtoza. Tangu hapo mtu akiniwekea bendera mezani, swali langu la kwanza ni “bega gani?”, na wengi hushangaa, maana wao walitarajia nitaje bei.

Wanaoniuliza kama ni hatia ni wengi pia, hasa ndugu zetu waliofika juzi. Wamarekani wana kanuni za bendera zilizotungwa kwenye mkutano wa mwaka 1923, na Bunge likazipitisha kuwa sheria mwaka 1942. Ukizisoma kisha ukatoka nje tarehe 4 Julai, sikukuu yao ya uhuru, utadhani umekosea nchi. Zinasema bendera isifanywe vazi, wala shuka, wala pazia. Isitariziwe kwenye mito wala leso za mkononi. Isichapishwe kwenye karatasi za kufutia mdomo wala kitu chochote cha kutumiwa mara moja kikatupwa. Isifanywe jezi. Halafu hiyo tarehe 4 unakuta watu wamevaa kaptura za nyota na ndala zenye mistari chini ya nyayo, wanakula nyama choma kwenye sahani za karatasi zenye bendera, na wakimaliza wanazitia pipani pamoja na mifupa. Wala si watu wa kuidharau nchi yao. Hao hao ndio wanaosimama wima, mkono kifuani, wimbo wa taifa ukipigwa.

Hawakamatwi kwa sababu makatazo hayo hayakuwekewa adhabu; yanasema linalofaa, basi. Zamani majimbo yalijaribu ukali. Mwaka 1907 Mahakama ya Juu ilikubali Nebraska iwaadhibu wauza bia waliochapisha bendera kwenye chupa. Ila kesi ninayoipenda mimi, kwa sababu ya kazi yangu, ni ya mwaka 1974: kijana mmoja wa Massachusetts alivaa suruali ya jinzi iliyoshonewa kibendera cha inchi 4 kwa 6 kwenye makalio, akahukumiwa kifungo cha miezi 6. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, na hukumu ikafutwa kwa hoja kwamba sheria ya jimbo ilikataza kuitendea bendera kwa dharau bila kueleza dharau inaanzia wapi. Na hapa kwetu Texas, mtu aliyeichoma bendera Dallas mwaka 1984 alishinda katika mahakama hiyo mwaka 1989, majaji 5 dhidi ya 4. Baada ya hapo polisi wameondoka katika mambo haya. Imebaki adabu ya mtu na macho ya jirani.

Ndiyo maana nasema swali lenu haliwezi kujibiwa kwa “inaruhusiwa” au “hairuhusiwi.” Kila kitu kinaruhusiwa. Mimi naangalia kitu chenyewe kitafanywa nini kikitoka dukani kwangu. Begi litatupwa chini kwenye kituo cha basi? Basi beji haiendi kitakoni mwa begi, inapanda juu karibu na mpini. Mfuko wa nyuma wa suruali sishoni, hata kwa dola 100, na si kwa kuogopa yaliyompata yule kijana. Ni kwamba siwezi kupiga pasi kitu nikijua kinakwenda kukaliwa. Kuna mafundi wenzangu wananicheka. Watafuteni, wana foleni fupi.

Wengine hutaka jina lao litariziwe juu ya ile mistari myeupe. Kanuni zinakataza kuandika au kuweka alama yoyote juu ya bendera, na kwa hili naona zina haki kabisa, tena hata kwa jicho la fundi: herufi zinaiua mistari. Nawawekea jina chini, kwenye utepe wake.

Wanaonipa kazi ngumu ni watu wetu. Madereva wa malori kutoka Eldoret na Nakuru, manesi, vijana wa chuo: wanataka bendera mbili, ya Kenya na ya Marekani, kwenye kofia moja. Mkono una bangili ya shanga ya nyeusi, nyekundu na kijani, na sasa kofia nayo itangaze uraia mpya. Mmoja alitaka ya Kenya iwe kubwa na juu, “kwa sababu mama ni mama.” Nikamweleza kwamba wakati wa amani bendera ya taifa moja haikai juu ya ya taifa jingine, zinalingana kimo na ukubwa, na kwa kuwa tuko Marekani, ya Marekani inakuwa upande wake wa kulia yenyewe, yaani kushoto kwako wewe unayetazama. Akanung'unika kidogo. Nilipomwonyesha kofia nyingine ambayo Marekani ilikuwa imeombwa iwe juu ya Tanzania, akakunja uso kwa niaba ya Watanzania, akakubali zilingane.

Kwenye magari ndiko ninakotofautiana na wenyeji. Sisi tumelelewa tukijua gari lenye bendera mbele lina mkubwa ndani. Kenya sheria imewataja wanaoruhusiwa, na mtoto wa Mombasa akiona kibendera kwenye boneti anasogea pembeni. Hapa fundi bomba ana bendera mbili za futi 3 nyuma ya pikapu. Kanuni zinasema isitandazwe juu ya boneti, paa wala ubavu wa gari; kama ni ya mlingoti, mlingoti ufungwe imara kwenye fremu au madigadi ya kulia. Hilo la kufungwa imara wengi wanalitimiza. Wanalosahau ni upepo wa barabara kuu. Kaka yangu anaendesha treila kwenda California, na aliniambia kibendera cha dirishani kilianza kuchanika pindo kabla hajafika Arizona. Aliporudi nacho, kilikuwa na mistari mitatu iliyoning'inia kama utambi. Nikamwambia akitoe. Stika kwenye bampa sina neno nayo, lakini stika iliyopauka hadi nyekundu imekuwa ya waridi nayo ibanduliwe, kwani imekuwa uchafu tu.

Iliyochakaa haitupwi jalalani. Kanuni zinataka iharibiwe kwa heshima, ikiwezekana kwa kuchomwa, na vyama vya wanajeshi wastaafu kama American Legion na VFW hupokea bendera kuukuu na kuziteketeza kwa utaratibu wao. Mahali pengine kuna sanduku la chuma kama lile la posta. Cha kushangaza, siku ile niliyoapa uraia tuligawiwa vibendera vya mkononi ukumbi mzima, watu wakalia, wakapiga picha, na nilipotoka nikavikuta vitatu vimelala kwenye lami ya maegesho. Niliviokota. Viko kwenye kopo la chaki, karibu na mikasi.

Na ninyi mlioko nyumbani msinicheke. Marobota ya mitumba kwenye masoko ya Kongowea na Gikomba yamejaa fulana zenye nyota na mistari. Aliyeinunua kwa shilingi 50 haheshimu wala hadharau, amepata fulana.

Mara moja tu mkono wangu umekataa kabisa. Mwaka jana, baridi ikianza, binti mmoja wa chuo aliingia na kifurushi cha kitambaa kilichokunjwa pembetatu, buluu tupu na nyota juu. Nilipokipokea nilijua kwa uzito. Hiyo ni bendera ya kufunikia jeneza la mwanajeshi, futi 5 kwa futi 9 na nusu, ambayo hukunjwa kaburini na kukabidhiwa familia. Ilikuwa ya babu yake. Alitaka nimshonee mkoba.

Niliirudisha mikasi kwenye droo kabla sijasema neno. Nikamwambia kuna makasha ya mbao yenye kioo, yametengenezwa kwa umbo hilo hilo. “Kasha linakaa ukutani,” akanijibu, “na mimi nahama kila mwaka. Nataka nitembee naye.” Sikuwa na jibu la haraka. Nilimpa kiti, nikampa chai, nikamuuliza: mwanangu, babu ameacha nguo?

Baada ya wiki moja akaja na shati la kijani la jeshi, kola imelika, kibandiko cha jina bado kipo kifuani. Mkoba ukatoka humo. Mfuko wa kifua niliuacha uwe mfuko, na vifungo vyake. Bendera ikaenda kwenye kasha ikiwa imekunjwa vile vile ilivyotoka makaburini. Juu ya mkoba akaomba beji moja ndogo ya bendera, ameinunua mwenyewe, na mimi nikamuuliza lile swali langu la kila siku.

Hakuelewa, kama mimi nilivyokuwa sikuelewa. Nikamwambia auvae kwanza, atembee. Akautundika bega la kulia, akauhamishia la kushoto, akaenda toka kwenye cherehani hadi mlangoni, akasimama kidogo akiangalia nje, akarudi. “Kushoto,” akasema. Nikachukua chaki.

Fundi cherehani,
Texas