Mwanangu, kuhusu China uliyoniuliza

Mwanangu, voisi yako nimeisikiliza mara tatu. Unauliza China kumrudishia Marekani ushuru na kubana yale madini adimu ni ujasiri au ni kujitafutia balaa. Mi nakwambia uliza kwanza walianza lini kujiandaa.

Manake Aprili 2025 Trump alipofikisha ushuru asilimia 145 na wao wakajibu 125, watu wakaona hasira za siku moja. Hasira wapi! Soya walishazidi kuhamia Brazil tangu ugomvi wa 2018, na madini hayo karibu asilimia 90 ya usafishaji wa dunia nzima uko kwao, hiyo ni kazi ya miaka na miaka. Walipobana vibali vya kuyatoa nje viwanda vya magari Marekani na Ulaya vikaanza kuhangaikia sumaku zinazotengenezwa kwa madini hayo, Mei Marekani na China wakakaa mezani Geneva, 145 ikashuka mpaka 30. Ndo lile nalosema kila siku, mtu akikutisha usimjibu siku hiyohiyo, kajipange.

Unamkumbuka yule wa jumla wa Kariakoo? Ulikuwa darasa la pili, umeshika gauni langu, baba yako yuko Tanga. Kasikia nimechukua hotpoti dazeni mbili duka la jirani, akalisukuma daftari langu la mkopo likaanguka chini, mbele ya wateja, anasema nikisikia tena umechukua mzigo kwa mwingine hapa usikanyage. Nikainama nikaliokota. Nikamwambia nimekuelewa kaka, nisamehe. Nisamehe! Mtu nimemlipa miaka minne sijawahi kupitisha tarehe. Mpaka leo nikipita ile kona tumbo linanikata.

Lakini sikulala. Hela ya kikoba, ile ya bati za nyumba ya bibi yako (najua alininunia), nikaunganisha na wenzangu watatu tukaenda Guangzhou, tukachanga kontena moja. Siku aliponinyima mzigo kweli stoo yangu ilikuwa imejaa mabeseni na chupa za chai mpaka mlango haufungi. Alipita akaona. Sikumwambia kitu, nikaendelea kumfungia mteja beseni zake kwa kamba, na mikono inatetemeka kwa raha.

Kwa hiyo China nawaelewa, aliyewahi kuinamishwa anaelewa. Ila hapo ndo nabishana na nafsi yangu. Mwaka 2020 Australia ilitaka uchunguzwe mwanzo wa korona, wakaipiga shayiri yao ushuru wa zaidi ya asilimia 80, halafu na mvinyo. Australia ilimtisha nani pale? Utasema waliona wanadhalilishwa mbele ya dunia, sawa, lakini mkulima wa shayiri kaingiaje? Kujitetea ni kitu kimoja na kumkaba mdogo wako ni kingine, tatizo mkono ni uleule, ukishajua unakaba unakaba tu.

Najua manake kuna yule binti wa Mbagala aliyekuwa anachukua kwangu mabeseni kwa mkopo. Duka lilikuwa limeshakua. Nikasikia anachukua na kwa mwingine, nikamwambia kwa sauti, watu wamejaa, ukienda huko usirudi hapa. Maneno yaleyale mwanangu. Akasema nimekuelewa mama.

Sasa unataka nikwambie sawa au si sawa. Kwa Marekani ulimi unaniwasha kusema sawa, walitishwa wakajibu. Kwa yale ya Australia niache kwanza, usinibane.

Yule binti nasikia ana duka lake siku hizi, kule Rangi Tatu. Tukikutana sokoni ananiamkia vizuri tu, shikamoo mama, halafu anapita.

Mama yako