Kapeti likiungua kwenye nyumba ya kupanga, unadaiwa kiasi gani?

Ilikuwa Idi, sebule imejaa wageni, na mama mdogo aliyekuja kututembelea kutoka Mombasa akashika chetezo atufukizie udi. Kaa moja likadondoka. Tuliliokota upesi, lakini lilikuwa limeshachoma shimo jeusi, ukubwa wa kifuniko cha chupa. Tulikuwa tumepanga Leicester, England, ambako vyumba vingi hutandikwa kapeti ukuta hadi ukuta, nalo ni mali ya mwenye nyumba.

Tulipohama mwaka uliofuata, wakala wa mwenye nyumba akatuandikia: pauni 780 zitakatwa kwenye dipoziti, ile pesa ya dhamana tuliyoweka tulipohamia, kwa ajili ya kapeti jipya la sebule nzima. Mume wangu alitaka tulipe yaishe. Nami nilikuwa radhi, maana ndivyo tulivyolelewa: ukiharibu cha mtu unalipa, wala hubishani, usije ukasemwa. Kabla sijajibu nikamsimulia shoga yangu mmoja anayesafisha nyumba za kupangisha wapangaji wanapohama. Akaniuliza, "Lina umri gani hilo kapeti?"

Nilimwomba wakala risiti. Lilikuwa na miaka saba.

Hapo ndipo hesabu inapoanzia, na naomba uielewe vizuri kwa sababu wengi wetu tunalipa zaidi ya tunachodaiwa, kwa haya tu. Unalipia thamani iliyokuwa imebaki kwenye kapeti unapohama. Kapeti la wastani kama lile tulikadiria lingedumu miaka 10. Saba imekwisha, imebaki mitatu. Kwa hiyo ni sehemu tatu za kumi za pauni 780, yaani pauni 234. Mwenye nyumba alikuwa na kapeti kuukuu. Hana haki ya kupata jipya kwa pesa zangu. Na kama kiraka kingetosha, angenidai cha kiraka. La bei rahisi hukadiriwa kudumu miaka pungufu ya hiyo, na nyumba yenye watoto hutarajiwa kuchakaa upesi kuliko ya mtu mmoja.

Uchakavu wa kawaida haukuhusu kabisa. Njia iliyofifia kutoka mlangoni hadi kwenye kochi, rangi iliyopauka dirishani kwa jua, vishimo vya miguu ya kabati: hayo ni ya mwenye nyumba. Moto, doa la hina, alama ya pasi ni yako. (Akina dada tunaopiga pasi sakafuni juu ya blanketi, nawaomba mnunue meza ya pasi.)

Niliandika barua fupi: nakiri shimo, nitalipa pauni 234, na hesabu yangu ni hii. Wakala akakataa. Sasa, England mwenye nyumba wa kawaida hawezi kukaa na dipoziti yako hivi hivi. Tangu Aprili 2007 lazima ailinde kwenye mojawapo ya mifuko iliyoidhinishwa na serikali, na ana siku 30 tangu alipoipokea. Asipofanya hivyo, mahakama inaweza kumwamuru akulipe kati ya mara moja na mara tatu ya dipoziti. Mfuko huo una wasuluhishi, bure, mkikubali pande zote mbili. Wao wanaanza na wazo kwamba pesa ni za mpangaji. Anayetaka kukata ndiye anayetakiwa kuthibitisha. Walisoma makaratasi tu, hakuna aliyekuja nyumbani. Wakaamua pauni 234, na pauni 546 zikarudi kwetu. Scotland na Wales wana sheria zao, kwa hiyo ukiwa huko ulizia za huko.

Kilichotusaidia zaidi ya yote ni picha. Siku tuliyohamia nilipiga kila chumba, kona kwa kona, na nikajitumia kwa barua pepe ili tarehe ibaki. Wakala alikuwa ameongeza kwenye madai yake doa la karibu na dirisha. Picha ikaonyesha tulilikuta. Orodha ya hali ya nyumba utakayopewa usiisaini ukiwa umesimama mlangoni na mizigo. Kaa nayo, isome, andika kila doa unaloliona. Na jambo lingine: tangu Juni 2019 hawaruhusiwi kukulazimisha ulipie kampuni ya kusafisha kapeti unapohama. Unatakiwa kuliacha safi kama ulivyolikuta, hata kama umelisafisha mwenyewe.

Bomba likipasuka bila kosa lako, kutengeneza bomba ni kazi ya mwenye nyumba, na kapeti lake lililolowa hudaiwi wewe. Mwarifu siku hiyohiyo, kwa maandishi, maana ukinyamaza maji yakaozesha sakafu, sehemu ya hasara inaweza kukurudia. Lakini zulia ulilotoka nalo nyumbani, magodoro na nguo zako havimo kwenye bima yake ya jengo. Hivyo vikatie bima yako mwenyewe.