Jibu: Supro ya zamani ya mtandaoni, mfanye muuzaji awe macho na masikio yako kabla ya kutuma pesa

Mkuu, swali lako limenifurahisha sana, maana ni nadra kumpata mtu wa kwetu anayeuliza habari za gitaa la stili. Kwa wadau waliochelewa: mwenzetu yuko Nakuru, anapiga kwenye bendi ya country, na ameona gitaa la stili la chapa ya Supro, la nyuzi sita, lile la kulaza mapajani na kutelezesha chuma juu ya nyuzi. Anayeiuza yuko Ohio, bei dola 450 pamoja na amplifaya yake ndogo. Tangazo linasema ilikuwa ya babu, haijajaribiwa, inauzwa kama ilivyo. Shangazi wa mwenzetu anaishi huko huko Marekani na atakuja nyumbani Desemba. Swali ni moja: atume pesa au aachane nayo?

Niko Texas miaka mingi sasa, napiga stili kanisani na kwenye bendi ya wikiendi, na magitaa yangu karibu yote nimeyapata mtandaoni. Ushauri wangu: usitume pesa leo, lakini muuzaji usimwachie. Mtu wa namna hiyo mara nyingi si tapeli, ila hajui anachouza. Ohio hasa imejaa magitaa haya. Kampuni ya Oahu ya Cleveland ilieneza masomo ya gitaa la Kihawaii, yaani hili hili la kulaza mapajani, nchi nzima, mwanafunzi ananunua na gitaa lake, na mengi ya hayo magitaa yaliishia chini ya vitanda. Leo wajukuu wanafungua kasha, wanapiga picha, wanaweka bei waliyoiona kwenye tangazo la jirani. Maelezo yake hayakusaidii kitu. Ukimwelekeza vizuri, ndiye atakayekukagulia gitaa.

Sahau kwanza yale unayoyaogopa kwenye gitaa la kawaida. Hapa hakuna freti za kulika, ni mistari tu ya kukuonyesha mahali pa kuweka chuma. Shingo haiminywi na vidole, kwa hiyo kupinda kidogo hakukuharibii kitu. Mikwaruzo, rangi iliyofifia, ile plastiki yenye mng'ao wa lulu iliyogeuka manjano, vyote ni mambo ya sura. Unanunua kinasa, yaani pikapu inayonasa sauti ya nyuzi, pamoja na mahali pawili nyuzi zinapokaa: kizuizi cha juu na daraja. Hivyo vikiwa salama una gitaa.

Kinasa ndicho cha kukaguliwa kuliko vyote. Supro, National na Oahu nyingi za baada ya Vita vya Pili vya Dunia zilitengenezwa na Valco ya Chicago, kampuni iliyofungwa 1968, na kwenye mengi ya magitaa yake nyuzi zinapita ndani ya kinasa chenyewe badala ya kupita juu yake. Sauti yake ni nene, ina ukali kidogo, na ndiyo sababu watu wanayatafuta mpaka leo. Lakini koili yake imesukwa kwa waya mwembamba kama unywele, na baada ya miaka sabini unyevu huula ukakatika mahali ambapo macho hayaoni. Huwezi kwenda dukani ukanunua kinasa kingine ukakipachika jioni hiyo hiyo. Inabidi kisukwe upya na fundi anayekijua, na hiyo ni gharama ya maana.

Kwa hiyo mwombe muuzaji majaribio mawili. La kwanza halihitaji ujuzi wowote. Achomeke gitaa kwenye amplifaya yoyote nzima, ya mtoto wa jirani pia inafaa, afungue volyumu yote, kisha agonge polepole juu ya kinasa kwa ncha ya bisibisi huku akirekodi kwa simu. Kinasa kizima kitatoa mdundo mzito kwenye spika, hata kama gitaa halina uzi hata mmoja. Kama nyuzi zipo, apige mmoja mmoja zikiwa wazi, asijali tuni. Unasikiliza kama uzi wowote umezama kuliko wenzake, na kama sauti inakatika anapozungusha volyumu. Mkwaruzo wa volyumu usikutishe, ni vumbi, dawa ya kusafishia inautoa.

La pili linahitaji maltimita, kile kifaa cha kupimia umeme, na nyumba nyingi za Marekani zina moja gereji. Achomeke waya kwenye gitaa, volyumu ikiwa juu kabisa, apime ohimu, yaani ukinzani, kwenye ncha ya pili ya waya. Ukiona kilo-ohimu chache, koili ni nzima. Ukiona mia mbili na hamsini, au mia tano, usidhani ni kinasa chenye nguvu. Hapo mita inasoma potenshiometa ya volyumu, kile kifaa cha kuongeza na kupunguza sauti, peke yake, maana koili imekatika. Wauzaji wengi huandika namba hiyo kwenye tangazo kwa nia njema kabisa, na mnunuzi asiyejua anaifurahia. Ukikutana siku moja na Rickenbacker ya zamani yenye sumaku za umbo la kwato, usishtuke ikisoma chini mno. Ndivyo ilivyosukwa.

Baada ya hapo omba picha za karibu. Daraja, uone kama uzi umechimba mfereji. Kizuizi cha juu, uone kama ni kile kirefu cha asili au mtu ameweka cha gitaa la kawaida, kwa sababu nyuzi zikikaa chini, chuma kitagonga ubao wa shingo. Funguo za kukazia nyuzi, uone vichwa vyake vya plastiki. Vya miaka ile husinyaa na kumomonyoka kama biskuti, lakini vichwa vipya vinauzwa na kubadilisha ni kazi ya jioni moja. Na kama yuko tayari kufungua kifuniko cha sehemu ya volyumu, apige picha ya mgongo wa potenshiometa. Humo kuna namba. Zikianza na 304 mtengenezaji wake ni Stackpole, 137 ni CTS, kisha unafuata mwaka na wiki. Mfano 304 6320 ni wiki ya 20 ya 1963. Gitaa haliwezi kuwa la zamani kuliko kifaa hicho, isipokuwa kama kilibadilishwa, na risasi ya kulehemu inayong'aa upya itakuonyesha hilo.

Kuhusu utapeli nitasema kwa ufupi. Mwambie aweke karatasi yenye jina lako na tarehe ya leo kando ya gitaa, apige picha. Mwenye gitaa anafanya hivyo kwa dakika moja, na mwenye picha za kuiba anaanza hadithi. Lipa ndani ya mtandao wenyewe, eBay au Reverb au popote ulipomkuta, kwa njia inayokulinda. Akitaka utume pesa kando ili akupunguzie, ondoka. Na ukitaka wauzaji wanaojua wanachouza, pitia ukurasa wa mauzo wa Steel Guitar Forum. Wale ni wapigaji, watakutajia hitilafu kabla hujauliza.

Sasa ile amplifaya. Usiilete Nakuru. Imetengenezwa kwa umeme wa volti 110 na kitu, nyumbani kwenu ni 240, ukiichomeka moja kwa moja unaiunguza. Hata ukinunua transfoma ya kushusha umeme, amplifaya nyingi za enzi hizo zina plagi ya miguu miwili, hazina ethi, na ndani kuna kapasita iliyounganishwa kati ya umeme wa ukutani na bodi ya chuma. Ikishindwa, mwili wa amplifaya na nyuzi unazozishika vinakuwa na umeme, huku mkono wako mwingine umeshika chuma. Hili silisemi kwa kukutisha, watu wamepigwa shoti namna hiyo. Zuri ni kwamba amplifaya za Valco zina wapenzi wake huku, na shangazi anaweza kuiuza na kurudisha sehemu nzuri ya zile dola 450. Wewe tumia amplifaya uliyonayo.

Usafiri: gitaa lenyewe ni fupi, linaingia kwenye mzigo wa ndege bila shida. Shangazi alegeze nyuzi bila kuzitoa zote, ajaze nguo pande zote mbili za kichwa cha gitaa ndani ya kasha ili kisitikisike, kwa sababu hapo ndipo huvunjika. Kama lingekuwa la bakelaiti, ile plastiki ngumu ya zamani, ningekwambia abebe mkononi, ile haipindi, inapasuka. Uwanja wa ndege awe na risiti ya bei halisi, VAT ya Kenya ni asilimia 16 na juu yake kuna tozo nyingine, aulize mapema. Na ukija kununua Gibson ya zamani, uliza mbao ya ubao wa freti. Rosewood ya Brazil iko chini ya ulinzi mkali wa kimataifa tangu 1992, haivuki mpaka bila vibali. Supro yako ya plastiki ya lulu kwa kawaida haina tatizo hilo.

Umeandika pia kwamba wenzako wa bendi wanasema bila pedali, yaani stili yenye kanyagio za kubadilisha sauti ya nyuzi, hakuna country. Ninapinga kwa moyo wote. Mpiga stili Don Helms alipiga nyuma ya mwimbaji wa country Hank Williams kwa gitaa lisilo na pedali, na sauti ile bado inaliza watu. Pedali zilishika kasi kuanzia 1954, pale wimbo wa mwimbaji Webb Pierce aliopigiwa stili na Bud Isaacs ulipovuma. Ni chombo kizuri mno. Wanigeria wanakijua kupitia Demola Adepoju kwenye bendi ya King Sunny Adé, na makanisa ya House of God huku Marekani yanakipiga mpaka watu wanasimama vitini. Lakini ni kizito, kina vyuma vingi chini ambavyo muuzaji aliyerithi hawezi kukukagulia kwa simu, na kikikwama Nakuru nani atakutengenezea? Pedali ya kwanza nunua kwa mpigaji, na Sho-Bud Maverick ipite hata ikiwa rahisi, ni ya mwanafunzi na ufundi wake una mipaka.

Kwa hiyo mwandikie leo kwa adabu, mwambie unapiga muziki na unataka gitaa la babu yake lilie tena. Hilo ni kweli, na watu wa namna yake hulijali kuliko unavyofikiri. Omba video ya bisibisi, kipimo cha ohimu na zile picha. Kinasa kikilia, 450 pamoja na amplifaya ni bei ambayo mimi mwenyewe ningelipa. Kikiwa kimya, mweleze gharama ya kusuka koili upya na umpe 250, asipokubali subiri, Supro nyingine itatokea kabla ya Desemba. Picha zikifika ziweke hapa, hasa ya daraja na ya potenshiometa, nitaziangalia jioni nikitoka kazini.