Ukitaka kuwachunguza pomboo, anza na saa yako

Msomaji wa Likoni ameuliza: ana kamera, mjomba wake ana boti, na anataka kujua kama vyombo vya watalii vinawasumbua pomboo wa Kisite. Aanzie wapi?

Kwanza vibali: NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) kwa utafiti, KWS (shirika la wanyamapori) kwa kuwa Kisite ni hifadhi ya bahari, na hodi kwa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufuo, cha Shimoni. Ukiiruka hodi hiyo, wavuvi watakwambia lile unalotaka kusikia.

Kisha saa. Wengi hurudi na picha mia tatu wasijue walikaa baharini muda gani. Washa GPS tangu kung'oa nanga hadi kufunga gati. Siku ya kutoona hata pezi moja iandike vilevile. Pomboo kumi kwa saa mbili si sawa na kumi kwa siku tatu. Toka asubuhi, kipindi cha kaskazi, bahari isizidi 3 kwenye kipimo cha upepo cha Beaufort. Povu jeupe likishatapakaa, pezi hulioni, na utaandika "hakuna" mahali walipo.

Lenzi ya milimita 100 hadi 400, kasi ya shata sekunde 1/1000 au zaidi, boti iende sambamba na kundi. Pezi la mgongoni ndilo litakalokutambulisha nani ni nani: piga kila mmoja, pande zote mbili, si yule aliyemeguka pezi tu. Ukiwapendelea hao, makadirio ya idadi yatakuwa madogo kuliko ukweli. Pengo kwenye ukingo wa pezi hudumu miaka. Mikwaruzo ya meno hufutika, usiitegemee.

Na usisahau: boti ya mjomba nayo ni boti! Kila dakika 3 andika wanachofanya (kula, kusafiri, kupumzika, kucheza) na vyombo vilivyo ndani ya mita 300. Hali ya bila chombo ipime kutoka nchi kavu, mahali pa juu, kwa darubini.

Ila watalii wasikufiche jarife, wavu mkubwa wa kutega. Pomboo mwenye nundu, ambaye IUCN inamhesabu kati ya walio hatarini kutoweka, hukaa maji ya kina kifupi, humo humo nyavu zinamotegwa. Usimuulize mvuvi kama amewahi kumnasa. Anajua ni kesi. Muulize jarife lake lina urefu gani, tundu la wavu inchi ngapi, hulala majini mausiku mangapi, na mara ya mwisho lilichanwa na nini.