Kwa mwanangu aliyeko Mwanza: kahawa, drafti na mwezi ule wa saba

Kibosho, Moshi

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa bandani kwa ng'ombe, nikaurudia usiku mama yako alipokwisha kulala. Umeniuliza mwaka juzi, mwezi wa saba, mama yako alipolazwa kwa ile nyonga, nilikuwa nafanya nini jioni hata ukipiga simu unanikuta nacheka. Ndani yake nimesikia swali jingine ambalo hukulitamka. Tangu mkataba wako wa kazi uishe, unakaa jioni unafuma vitambaa, kisha unajisuta kwamba mtu asiyejua kodi ya nyumba itatoka wapi hana haki ya kustarehe na uzi. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu utanikatiza.

Mwezi ule ulikuwa mbaya, siupaki rangi. Kidonda kilikataa kufunga kwa ajili ya sukari, na kila daktari aliyepita kitandani alisema tusubiri. Yule mtamba tuliyemweka kwa ajili ya harusi ya kaka yako akauzwa. Na mwezi wa saba wa huku unaujua, baridi na manyunyu, wingu limekaa juu ya migomba hadi mchana. Lakini kilichokuwa kinanimaliza si baridi wala deni. Deni lina tarakimu, unalipunguza. Kilichonimaliza ni kusubiri, maana hakuna aliyeweza kuniambia kunaishia wapi. Nikajikuta nashika vitu vidogo ambavyo mwisho wake nauona.

Cha kwanza ni kahawa. Utashangaa, kwa sababu umekulia katikati ya mibuni na hukuwahi kuona kahawa mezani kwetu. Babu yako alikuwa mwanachama wa KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoanza 1933, akauza kahawa maisha yake yote, na sikumbuki kumwona akiinywa. Kahawa ilikuwa ada ya shule na mabati. Sisi tulikunywa chai ya maziwa. Basi jioni moja, nimerudi kutoka hospitalini na usingizi hauna dalili, nikachota kopo moja la kahawa iliyobaki ya msimu uliopita, ile yenye ganda, nikaitwanga kwenye kinu taratibu ili nisivunje punje, nikaipepeta kwa ungo, nikawasha jiko la mkaa.

Kukaanga kahawa ni kazi ya wivu. Ukigeuka kidogo tu imeungua. Punje zinatoka kijani zinakuwa njano, zinanuka kama majani makavu, kisha zinaanza kuwa kahawia na moshi unabadilika harufu. Halafu zinalia, pa, pa, pa, kwa mlio wa kwanza. Hapo unaamua: uipue ikiwa nyepesi, au uendelee hadi mlio wa pili, ule wa chini chini, mafuta yaanze kung'aa juu ya punje. Mimi huipua katikati. Unaimwaga kwenye ungo na kuipepea haraka, kwa sababu ukiiacha kwenye kikaango inaendelea kuiva yenyewe. Na usiisage usiku huohuo. Ikilala, hewa iliyofungwa ndani inatoka na ladha inatulia.

Robo saa, basi. Lakini kwa robo saa ile sikuwa hospitalini, sikuwa kwenye deni, nilikuwa kwenye kikaango. Baadaye nikamaliza kopo lote na kuanza jingine. Majirani wakadhani nimefungua biashara.

Drafti unaijua, pale kwa fundi baiskeli, ubao uleule wenye vizibo vya soda. Hili ndilo lililosemwa. Kuna mama mmoja wa jumuiya alimwambia shangazi yako kwamba mke wa mtu yuko kitandani naye anakula kete za wenzake. Nilisikia, na nilirudi kesho yake. Wale wazee hawakuniuliza hali ya mgonjwa kila dakika. Waliniuliza mara moja nikifika, kisha wakanifunga bila huruma, na kufungwa bila huruma ni heshima kubwa kwa mtu ambaye kutwa nzima amehurumiwa. Kwenye drafti kula ni lazima. Mwenzako anakutegea kete moja, unaila huku unaona kabisa kwamba anapita kwenda kuchukua kingi. Nimecheka sana pale. Simu zako nyingi zilinikuta hapo.

Redio nayo, hasa wakipiga zilipendwa. Akiimba Mbaraka Mwinshehe nilikuwa naongeza sauti hadi mbwa anahama. Mama yako na mimi tumecheza muziki wake tukiwa wachumba, na yeye alikuwa anajua kucheza kuliko mimi, ingawa hasemi mbele yenu.

Simu haikunisaidia. Nilijaribu kukaa nayo usiku, video moja inavuta nyingine, na asubuhi niko mchovu kuliko aliyelima. Ndiyo maana nimekuambia habari ya vitu vyenye mwisho. Kikaango kinaisha, mchezo wa drafti unaisha, kitambaa chako kinaisha. Ile haiishi.

Sasa hilo la haki. Mama yako nilipokuwa nampelekea mtori, swali lake la kwanza halikuwa ng'ombe wala deni. Lilikuwa, "Jana nani kakufunga?" Nikimweleza, anamsimulia mgonjwa wa kitanda cha pili, wanacheka mpaka muuguzi anakuja kutazama. Kisha anaonja mtori na kuuliza kama niliuponda kwa mwiko au kwa kiatu. Hakuniuliza hata siku moja kwa nini nacheza wakati yeye analala pale. Na yeye alikuwa na yake: alimsuka nywele yule mwenzake, kichwa kizima, akafumua, akasuka tena mtindo mwingine. Hakuna aliyemwambia kwamba mwenye kidonda hana haki ya kusuka.

Kwa hiyo fuma, mwanangu. Barua za kuomba kazi ziandike asubuhi, akili ikiwa haijachoka, na ukishazituma usikae unaifungua simu kuona kama wamejibu. Kazi ya kusubiri ifanye ukiwa na uzi mkononi. Kodi ya mwezi ujao tutazungumza na kaka yako, mimi nina kidogo cha maziwa, wala usianze kukataa kabla hujaambiwa ni kiasi gani.

Ijumaa kuna kifurushi kinakuja kwa basi, nitakutumia namba ya konda. Ndani kuna kahawa niliyokaanga jana, sijaisaga, saga mwenyewe. Kuna na ndizi za mtori, zile za juu zitumie kwanza. Mama yako anataka kitambaa cha meza ya sebuleni, cha mviringo, si cheupe, anasema cheupe kinamkumbusha wodi. Mpigie jioni, asubuhi huwa yuko shambani na ile fimbo yake anajifanya haimuumi.

Baba yako